Namba ya Tatu

Bibi mdogo aliishika simu yangu kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea kikombe cha chai ya moto. Tulikuwa barazani kwake Newala, jioni, upepo wa bondeni umeanza kupanda na watu wamejitanda kanga mabegani. Kwenye skrini alikuwa dada yake, yaani bibi yangu mzaa mama, amesimama kando ya kinu, akizunguka polepole: uso, ubavu, mgongo, ubavu wa pili, uso tena. Ilikuwa kazi yangu ya usiku kwa miezi miwili.

Alitazama mizunguko mitatu, akanirudishia simu.

"Huyu nani, mume wangu?"

Nikamwambia ni dada yake. Ni ule mchoro wa mjomba, nimeutoa kwenye karatasi nikamsimamisha.

"Mchoro naujua, siku hiyo nilikuwepo. Uko pale ukutani, na aliyemo ni dada. Huyu anayezunguka simjui." Akanyamaza kidogo. "Na kwa nini umemfanya anaomba?"

Watu wakabadilisha mazungumzo. Kesho yake nilipanda basi la asubuhi kurudi Mtwara, na mpaka tunapita Tandahimba sikuwa nimesikia hata wimbo mmoja wa redio ya dereva.

Anaomba.

Mwanamke aliyelima shamba lake mwenyewe, akazika mume, akasomesha watoto kwa korosho, mimi mjukuu wake nimemnyooshea kiganja.

## Karatasi ya mfuko wa saruji

Mjomba alichora kwa penseli, upande wa ndani wa karatasi ya mfuko wa saruji, akiwa bado kijana. Baadaye alikuja kuandika mabango ya maduka na majina ya mitumbwi, lakini siku ile hakuwa na mteja. Alikuwa anamchora mama yake.

Bibi amesimama akimtazama anayemchora. Mkono wa kulia umeshika mchi kwa juu, mchi umesimama ndani ya kinu. Mkono wa kushoto unakuja mbele, kwetu, na kiganja kimemalizwa kwa mistari mitano na kivuli. Amejifunga kaniki. Chale ziko mashavuni, na kwenye mdomo wa juu kuna kialama cheusi alichokikandamizia penseli mpaka karatasi ikang'aa. Ndiyo ndona yake, pambo la mdomo wa juu la wanawake wa Kimakonde.

Moshi wa jikoni umeupaka mchoro rangi ya chai, na kona moja imeliwa na mchwa. Mjomba hayupo tena. Ndiyo maana nilianza kazi hii: nilitaka kabla karatasi haijaisha, wajukuu walioko Dar na vitukuu ambao hawajamwona waweze kumzunguka bibi yao, siyo kumtazama tu ukutani.

Nilikuwa na hakika kwamba ninamwokoa.

## Namba mbili kati ya tatu

Mtu ndani ya kompyuta ni wavu, na sisi wa pwani hatuna haja ya kuelezwa wavu ni nini. Nyuzi, mafundo, na vitundu vya pembe nne. Ninatumia Blender, programu ya kuunda maumbo ya pande zote, ambayo tangu 2002 ni huru kwa yeyote kuitumia, na ndiyo sababu mtu kama mimi, ninayeshinda mchana kutwa nikitengeneza kadi za harusi na mabango ya kampeni za chanjo, ninaweza kuwa nayo bila kumlipa mtu. Unauweka mchoro nyuma, unaanza na kiboksi mbele yake, unakikata, unavuta kipande kiwe shingo, kingine kiwe bega, unasogeza mafundo mpaka ukingo wa wavu ufuate mstari wa penseli.

Kila fundo linakaa mahali panapotajwa kwa namba tatu. Ya kwanza inasema ni umbali gani kushoto au kulia. Ya pili inasema juu au chini. Ya tatu inasema mbele au nyuma.

Mchoro unakupa mbili.

Wanaotengeneza katuni hawakubali kuanza bila michoro miwili, mmoja wa mbele na mmoja wa ubavuni, imelinganishwa hivi kwamba pua ya huku na pua ya kule zinakaa kwenye mstari mmoja. Ule wa ubavuni ndio unaotoa namba ya tatu. Mimi nilikuwa na wa mbele tu, na nilijiambia inatosha, kwa kuwa bibi namjua. Nimekaa mapajani mwake.

Wavu wa bibi nilipoumaliza ulikuwa na mafundo 6,214. Programu inakuandikia idadi hiyo pembeni, kwa maandishi madogo, na siku zote nilikuwa ninaipita tu. Usiku wa kwanza baada ya kutoka Newala niliikodolea macho. Hayo ni maswali 6,214 niliyoyajibu bila kumuuliza mtu.

## Mgongo wa kuazima

Basi nilianza kujihoji: hizo namba za tatu nilizitoa wapi?

Nyingine zilitoka kwenye masomo ya intaneti. Unafundishwa kwamba mtu mzima ana urefu wa vichwa saba na nusu, macho yako katikati ya kichwa, kiwiko kinafika kiunoni. Ni kanuni nzuri na sizikatai. Lakini mgongo niliojifunzia ulikuwa wa wapiganaji na warukaji, na nilipoufuta misuli na kuuvika kaniki, chini yake bado ulikuwa mgongo ule ule.

Nyingine zilitoka kwenye kioo. Programu ina uwezo wa kukuruhusu uchonge nusu ya mwili tu, nayo ikanakili nusu ya pili kama kwenye kioo. Kazi inapungua mara mbili. Lakini kwenye mchoro bega la kulia la bibi liko juu kuliko la kushoto, waziwazi, na mimi niliona hilo ni kosa la kijana ambaye hakusomea kuchora. Nikalisawazisha.

Hili linaniuma hadi leo. Mjomba alikuwa amekaa mbele ya mama yake, anamwona kwa macho. Mimi nilikuwa chumbani Mtwara, zaidi ya nusu karne baadaye, nikamsahihisha.

Na nyingine zilitoka kwenye kumbukumbu yangu, ambayo ndiyo niliyoiamini kuliko zote. Bibi ninayemkumbuka mimi alikuwa mzee, shingo imetangulia mbele, mgongo umepinda, kimo kimepungua. Nikampa kimo cha mita moja na nusu. Nikamtia shingo ile ile. Lakini aliyechorwa hakuwa bibi yangu. Alikuwa mama wa mjomba, mwanamke wa makamo, mwenye nguvu zake, miaka mingi kabla sijazaliwa. Enzi hizo maji ya Newala yalikuwa yanafuatwa bondeni na kupandishwa kwa kichwa, na anayepandisha maji kwa kichwa kwenye mteremko ule hawezi kuwa na shingo niliyompa mimi. Angeyamwaga yote.

Katikati ya mashaka hayo nilijaribu pia moja ya zile programu za akili mnemba zinazopokea picha moja na kurudisha modeli nzima. Nikaipa mchoro wa mjomba. Haikuchukua hata dakika tano ikaleta mtu mzima, amekamilika mpaka visigino, na nyuma ya kichwa ikamwekea nywele zilizosukwa vizuri.

Niliifuta. Ilikuwa imefanya kile kile nilichofanya mimi, kwa haraka zaidi.

## "Wewe ulianza na uso"

Kuna fundi mchongaji ninayepita kwake nikienda Mikindani. Mzee wa Kimakonde, anakaa chini ya mwembe na tezo lake, magogo yamelala kuzunguka miguu yake. Siku moja nilisimamisha pikipiki nikamwamkia, nikamwonyesha simu bila kumweleza lolote.

Aliitazama ikizunguka mara moja tu.

"Mwanangu, wewe ulianza na uso."

Nikamuuliza amejuaje.

"Mgongo umekuja kwa kulazimishwa. Uso umekwisha, mgongo unaufuata kwa kuwa hauna pa kwenda." Akachukua gogo la mpingo lililokuwa miguuni pake, akaligeuza, akaligeuza tena. Upande mmoja tayari alikuwa ameondoa ule mti mweupe wa nje na kiini cheusi kilikuwa kimetokeza. "Mimi hili nimelizungusha siku tatu, na bado sijalipiga. Hapa limepinda, hapa lina ufa. Ukilitazama upande mmoja litakudanganya."

Nililishika. Lilikuwa zito kuliko umbo lake, na si ajabu, maana mpingo ukiutupa majini unazama. Mti wa kufikia unene wa kuchongwa vizuri unaweza kuchukua miaka 70 au zaidi kukua. Kipande ukishakikata hakirudi.

Nimekulia kwenye sanamu hizi na kwa muda mrefu sikuwa nimeona jambo lililo wazi kabisa: zile za mtindo wa ujamaa, ambao mwanzo wake unatajwa kwa Roberto Yakobo Sangwani, zile za watu wamepandana na kushikana kuzunguka shina, hazina mbele. Popote ukisimama kuna mtu amekugeuzia uso na mwingine amekupa mgongo. Aliyechonga hakuwa na pa kujificha.

Mimi nina kitufe cha kurudisha nyuma. Kila nilichokosea kwa bibi nilijua naweza kukifuta, na nadhani ndiyo sababu niliamua mambo yake kwa wepesi ule.

## Mchi bado upo

Wiki ya sita tangu safari ile nilirudi Newala na futi kamba.

Kinu cha bibi kipo. Mchi upo, umelainika katikati mahali pa kushika mpaka unateleza kama kioo. Bibi mdogo alikaa mlangoni akichambua mbaazi, akanitazama nikipima bila kuniuliza. Binamu yangu, ambaye watu wote husema amerithi umbo la bibi, alikubali kusimama pale kinu kinapokaa siku zote.

Nikaanza na hesabu ndogo. Mchi ukiwa umesimama ndani ya kinu, sehemu inayoonekana juu ya ukingo ni sentimita 86. Kwenye karatasi, sehemu hiyo hiyo ni sentimita 19. Kwa hiyo kila sentimita moja ya mjomba ni kama nne na nusu za kweli. Bibi kwenye karatasi ana sentimita 36.

Mita moja na sentimita 63.

Nilipomtajia bibi mdogo hakushangaa. "Dada alikuwa mrefu. Wewe ulimkuta ameshaanza kurudi chini."

Kisha mikono. Wa kulia, ulioshika mchi, umenyooshwa kwenda upande, na kwa kipimo hicho unapata sentimita 70. Wa kushoto, unaokuja mbele, kwenye karatasi unapata 41 tu. Mkono mmoja hauwezi kuwa mfupi hivyo kuliko mwenzake. Mkono ukinyooshewa anayechora unafupika machoni, kama mtumbwi unaokuja kwako ufukweni: huoni urefu wake, unaona omo tu. Mimi niliunakili ule ufupi. Na ili mkono mfupi ukae sawasawa nikaukunja kiwiko, nikaubana ubavuni. Kiwiko kimekunjwa, kiganja kiko mbele ya tumbo, kinatazama juu.

Ndiyo ombaomba wa bibi mdogo.

Lakini kama mkono ni sentimita 70 kweli, na kwa juu-chini umetumia 41 tu, zilizobaki zimekwenda mbele. Ni pembetatu ile ya Pithagoras tuliyoifanya sekondari. Nikapiga hesabu juu ya mfuko wa mbaazi. Inakuja kama 57. Mkono ulioko karibu na mchoraji huonekana mkubwa kidogo kuliko ulivyo, kwa hiyo siitetei hiyo saba, lakini zaidi ya nusu mita haina ubishi. Mkono haukukunjwa. Ulikuwa umenyooshwa.

Namba ya tatu ilikuwemo ndani ya mchoro muda wote. Ilikuwa inasubiri mtu aende kupima mchi.

## Ukingo wa kinu

Kilichobaki ni kiganja. Kwenye mchoro kinaonekana upande wa ndani, wenye kivuli. Ukiona ndani ya kiganja cha mtu aliye mbele yako, si ina maana amekifunua juu? Hapo nilikuwa nimekwama kabisa.

Nikachuchumaa kupima kimo cha kinu. Sentimita 58. Miguu ikaniuma, nikakaa chini kabisa kwenye mchanga, na jicho langu likashuka mpaka usawa wa kinu.

Mdomo wa kinu ukafumba.

Ukikitazama kinu ukiwa umesimama, mdomo wake ni duara lililobonyea na unaona ndani. Ukishuka mpaka jicho likalingana nao, unakuwa mstari mmoja tu. Na kwenye mchoro wa mjomba mdomo wa kinu ni mstari. Miezi michache iliyopita niliuona mstari ule, nikasema kijana hakujua kuchora duara kwa mbali, nikamchorea duara lake.

Mjomba alikuwa amekaa chini.

Nikamwambia binamu anyooshe mkono wa kushoto mbele, kiganja kitazame ardhi. Kutoka pale nilipokaa niliona ndani ya kiganja chake chote, kikiwa na kivuli, kwa kuwa jua lilikuwa utosini. Mistari mitano na kivuli.

Kiganja kinachotazama chini, mkono umenyooshwa. Hakuna mtu wa Newala, au wa pwani yote hii, asiyejua ishara hiyo. Ndivyo tunavyomwita mtu.

"Bibi," nikasema, "alikuwa anamwita nani?"

Bibi mdogo hakuacha kuchambua mbaazi. "Mama yako. Alikuwa mdogo, amejibana nyuma ya kaka yake, hataki kuja kuoga. Dada akamwita, na kaka yake anachora tu."

Nilimpigia mama simu papo hapo. Hakumbuki. Aliniomba nimweleze tena, polepole, mkono ulikuwaje.

## Mdomo

Ndona ndiyo iliyobaki, na kwa mbele ni kialama tu. Inatoka mbele kiasi gani, na mdomo wa juu unainuka namna gani kuibeba? Nilishatazama picha za zamani. Mtafiti Mjerumani Karl Weule, wa makumbusho ya Leipzig, alifika Newala mwaka 1906 na kamera na fonografu, na ukitafuta picha za wanawake wa Kimakonde wa enzi hizo ukiwa umepania, utaona ndona za ubavuni. Ningeweza kupima moja. Sikutaka. Bibi nilishamtia mgongo wa watu wengine, sikutaka na mdomo pia.

Bibi mdogo hakuvaa ndona, mambo yalikuwa yameanza kubadilika alipofika umri. Lakini aliweka kidole chake cha shahada chini ya pua, kikaelekea mbele, akakiminya kwa kidole gumba kwenye pingili ya kwanza. "Mpaka hapa." Kisha akashusha kidole kidogo. "Hapana, hivi. Ilikuwa na uzito."

Nikapima kidole kile, na pembe yake.

## Nusu ya pili

Nilirudi Mtwara nikaondoa kioo. Ni kubonyeza mara moja tu, na kuanzia hapo kila nusu ya bibi ilikuwa yake. Nikampandisha bega la kulia, na nilipounyoosha mkono mpaka juu ya mchi nikaelewa kwa nini lilikuwa juu: ukishika mchi kwa juu, bega linainuka. Nikanyoosha shingo. Nikafuta duara la kinu. Nikaiweka kamera ya programu kwenye kimo cha kijana aliyekaa mchangani, kama mita mbili kutoka kwenye kinu, nikauwasha mchoro juu ya modeli.

Si kila mstari ulikaa. Goti la kushoto lilikataa, na upindo wa kaniki bado sijauelewa. Lakini bega, mkono, kiganja na mdomo wa kinu vilikwenda vikalala chini ya penseli ya mjomba, kimoja kimoja. Ilikuwa saa tisa usiku, feni inazunguka, nikainuka kwenye kiti nikatoka nje kidogo.

Safari ya tatu sikupeleka video. Nilibeba laptopu, na kwenye simu nikamwekea bibi mdogo modeli yenyewe, ili amgeuze dada yake kwa kidole anavyotaka. Mwanzoni aliogopa kuigusa. Kisha akamgeuza kidogo, akamrudisha. Akautazama mkono. Hakusema kitu juu ya mkono.

Akamgeuza mpaka nyuma. Hapo akamwacha, muda mrefu, na mgongo ndio sehemu ambayo mchoro haukuwa umenipa chochote. Nilikuwa nimeujenga kwa binamu, kwa maneno yake mwenyewe bibi mdogo, na kwa mashaka.

"Mimi siku ile nilikuwa nimekaa huku," akasema. "Nachambua."

Akaisogeza simu karibu na macho.

"Kibwebwe fundo lake lilikuwa juu zaidi. Na huku, kushoto."

Nikafungua laptopu barazani pale pale, nikalipandisha mpaka aliposema basi.